Kula kidogo kidogo mara nyingi: namna ya kugawa chakula cha siku bila kujikuta unakula zaidi

Wanaojaribu kula milo midogo mara tano kwa siku hukwama karibu wote mahali pamoja. Wiki ya kwanza mambo ni mazuri. Ikifika ya tatu nguo zinabana, kiungulia kimerudi, na mtu anaapa kwamba mtindo huu ni uongo mtupu. Muulize amekula nini: milo yake mitatu ya siku zote, sahani ile ile, halafu biskuti saa 4 asubuhi, karanga na ndizi saa 10 jioni, na maziwa kabla ya kulala. Huyo hajagawa chakula, ameongeza.

Hapa tutagawa. Chakula cha siku kinabaki kilekile. Kinachopungua ni kile kinachoingia tumboni kwa mkupuo mmoja.

## Utegemee nini, usitegemee nini

Mfuko wa tumbo ukiwa mtupu una nafasi ya mililita 75 hivi. Ukijazwa hutanuka hadi kufikia lita moja na zaidi. Ukitanuka sana unasukuma juu: kiwambo kinachosaidia mapafu kupumua kinabanwa, na kilango kilicho kati ya umio na tumbo kinalegea, tindikali inapanda kifuani. Kwa hiyo faida ya kwanza wanaipata wenye kiungulia. Wengine ni wajawazito (mwanzoni kwa sababu ya kichefuchefu, mwishoni kwa sababu mtoto amebana tumbo), wagonjwa wa mapafu ambao wakishiba hupumua kwa shida, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, wazee ambao presha hushuka baada ya mlo mzito, na yeyote aliyepoteza hamu ya kula kwa sababu ya ugonjwa au dawa.

Ipo pia faida kwenye damu. Mwaka 1989 David Jenkins na wenzake, watafiti wa Toronto, walichapisha matokeo ya wanaume 7 waliokula chakula cha aina moja na kiasi kimoja kwa mitindo miwili: milo 3 kwa siku, na vijimlo 17 kwa siku, wiki 2 kila mtindo. Kwenye vijimlo 17, kolesteroli mbaya ilishuka kwa zaidi ya asilimia 13 na insulini pia ikapungua. Milo 17 haipangiki katika maisha ya kawaida, na watu 7 ni wachache. Lakini shika neno moja hapo: kiasi kimoja. Hakuna aliyeongezewa kitu.

Usichoweza kutegemea ni ule usemi kwamba kula mara nyingi "kunachochea mwili uunguze mafuta". Mwili hutumia takriban asilimia 10 ya nishati ya chakula katika kukisaga na kukichakata, na asilimia hiyo hufuata jumla ya chakula, haifuati idadi ya milo. Kalori 1,800 zikiliwa mara 3, mwili unatumia kalori 60 kila mlo, jumla 180. Zikiliwa mara 6 unatumia 30 kila mlo, na jumla ni 180 tena. Kama lengo lako ni kupungua tu na tumbo lako halina tatizo, milo mitatu iliyopimwa vizuri inatosha. Mwaka 2014 watafiti wa Prague walichapisha matokeo ya wagonjwa 54 wa kisukari aina ya 2 waliopunguziwa kalori na kupitishwa kwenye mitindo miwili kwa zamu. Walipungua zaidi walipokula milo miwili mikubwa, asubuhi na mchana, kuliko walipokula milo 6 midogo.

Onyo. Usianze bila kuzungumza na daktari wako ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamaidi. Dozi yako imepangwa kwa milo unayokula sasa, na ukipunguza mlo bila kugusa dozi sukari inaweza kushuka ghafla. Wagonjwa wa figo, na waliowahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula au kula bila kujizuia, nao waanzie kwa daktari.

## Vitu vya kuwa navyo

- Sahani moja bapa yenye upana wa sentimita 18 hadi 20. Isiwe bakuli, kwa sababu bakuli huficha kiasi.
- Vyombo viwili vyenye mifuniko inayobana, vya mililita 300 hivi kila kimoja.
- Kijiko kikubwa cha mezani, kilekile kila siku.
- Daftari na kalamu.
- Simu au saa yenye alamu.
- Mizani ya uzito na futi ya fundi cherehani.

Friji ni msaada mkubwa, lakini asiye nayo pia ana njia yake, tutaifikia. Mizani ya jikoni usihangaike nayo.

## Hatua ya 1: Andika unavyokula sasa, siku 3

Chagua siku mbili za kazi na moja ya mapumziko. Andika kila kitu wakati kinapakuliwa, kabla hujakila: vijiko vingapi, vipande vingapi, vikombe vingapi, saa ngapi. Usijirekebishe, maana unatafuta kiasi chako halisi.

Kinachosahaulika ni kile kinacholiwa ukiwa umesimama: kuonja mchuzi jikoni, kumalizia sahani ya mtoto, pipi ya mezani kazini, sukari ya kwenye chai. Ukingoja mpaka usiku ndipo uandike, hivyo vyote vitakuwa vimeyeyuka kichwani.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kusoma ukurasa wako na kupakua sahani ile ile bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Panga idadi na saa

Milo 5 inawatosha wengi. Sita waachie wale walioshauriwa na daktari, au ambao tumbo haliwezi kubeba zaidi ya vijiko vichache.

Kati ya mlo na mlo acha nafasi ya saa mbili na nusu hadi tatu. Mlo wa kawaida huchukua kati ya saa mbili na nne kutoka tumboni, na mlo mdogo huwahi kutoka. Zaidi ya hapo, utumbo usipokuwa na chakula hupitisha mawimbi ya kujisafisha, kila baada ya dakika 90 hadi 120, yakisukuma mabaki na bakteria kwenda chini. Ukitia kitu mdomoni wimbi linakatika. Anayedonoadonoa kila nusu saa haupi utumbo nafasi hiyo, na mara nyingi ndiye anayelalamika gesi.

Mpangilio mmoja unaofanya kazi: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku. Anayefanya kazi usiku ahesabu tangu anapoamka, asishike saa za watu wengine.

Weka alamu mbili tu, ya saa 4 na ya saa 10. Milo mikuu haihitaji kukumbushwa, ila hiyo ya katikati ikisahaulika unafika mezani na njaa kali, na sahani ndogo haitakuzuia.

## Hatua ya 3: Gawa sahani

Hii ndiyo kazi yenyewe, na kanuni yake ni fupi:

- Asubuhi: usiguse. Kwa wengi mlo huu ni mdogo tayari.
- Mchana: toa theluthi moja. Hiyo ndiyo mlo wa saa 10.
- Usiku: toa theluthi moja. Hiyo ndiyo mlo wa saa 4 wa kesho.

Tuseme daftari linaonyesha mchana wako ni viazi 3 vya ukubwa wa yai, vijiko 6 vya maharage, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, mboga za majani na chungwa. Pakua vyote kwenye sahani kubwa kama kawaida yako, uvione. Sasa fungua chombo: kiazi 1, vijiko 2 vya maharage, theluthi ya samaki, mboga kidogo. Funika. Chungwa liweke juu ya mfuniko. Kilichobaki kihamishie kwenye sahani ndogo, ambayo itaonekana imejaa vizuri. Kiondoe chombo mezani kabisa, ndipo ukae.

Mfuatano huo una sababu yake. Anayekaa kula kwanza akitumaini atabakiza hatabakiza. Mkono unaendelea mpaka sahani iwe nyeupe, hata kama tumbo lilisharidhika vijiko vitano nyuma.

Theluthi ichotwe kwenye kila kitu. Wengi hutoa wanga peke yake, kiazi au mkate, kwa kuwa ni rahisi kubeba, halafu samaki na maharage yote yanaliwa mchana. Kiazi kitupu saa 10 kinakuletea njaa nyingine kabla ya saa 12. Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu zaidi, kwa hiyo kila chombo kiwe na sehemu yake: samaki, yai, maharage, mtindi, nyama, chochote ulichonacho.

Unayetaka kupunguza uzito, vumilia. Wiki mbili za kwanza gawa tu bila kupunguza. Kugawa na kupunguza kwa pamoja ni mabadiliko mawili, na yakikushinda hutajua lipi limekuangusha. Mimi ningepunguza wanga wa usiku kwanza, wiki ya tatu, kijiko kimoja kimoja.

Umefaulu ikiwa jumla ya siku kwenye daftari inalingana na ile ya hatua ya 1. Hesabu kwa vijiko na vipande. Ikizidi, umerudi kwenye kuongeza.

## Hatua ya 4: Siku ambayo huwezi kubeba chakula

Zitakuwepo. Hapo theluthi ya mchana inabaki kwa wenzako, nawe saa 10 unakula mbadala, kimoja au viwili kati ya hivi:

- yai la kuchemsha: kalori 70 hivi na gramu 6 za protini
- ndizi moja ya wastani: kalori 100 hivi
- karanga gramu 30, yaani konzi moja: kalori 170 hivi
- mtindi usio na sukari, kikombe kimoja

Karanga ndizo zinazowaponza watu. Ni chakula kizuri, lakini mfuko wa gramu 100 unakaribia kalori 600, na unaisha ukiwa unaangalia simu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe hapa ni kiuno. Mimina konzi moja kwenye sahani, funga mfuko, weka mbali.

Vinywaji vihesabiwe pia. Soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari. Hiyo ni kalori 140, na saa moja baadaye bado una njaa.

## Hatua ya 5: Hifadhi bila kujiumiza

Ukigawa chakula, sehemu yake itakaa kabla ya kuliwa. Hapo ndipo mtu aliyetafuta afya anapopata tumbo la kuharisha.

Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Bakteria huongezeka haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi, kwa hiyo kiwe chini ya 5 ndani ya friji, au juu ya 60 ndani ya chombo cha kuhifadhi joto. Hicho cha joto kisuuze kwa maji ya moto kwanza, kisha tia chakula kikiwa kinatoka jikoni. Chakula vuguvugu hakitapata moto humo, kitachacha tu.

Ukipasha moto, kipashe mpaka katikati kifuke mvuke (nyuzi 70 na zaidi), na mara moja tu. Wali uangalie zaidi. Bakteria wake huacha mbegu zisizokufa kwa kupika, na sumu inayotengenezwa wali ukikaa nje haiondoki hata ukiuchemsha upya. Uingie kwenye friji mapema.

Huna friji wala chombo cha joto? Usihamishe chakula kilichopikwa. Gawa vitu vikavu na matunda yasiyomenywa: mkate wa asubuhi unakula kipande kimoja na kingine unakitunza hadi saa 4 pamoja na karanga. Mchana toa tunda na sehemu ya wanga, na jioni ule karanga au maziwa yaliyofunguliwa hapo hapo.

## Hatua ya 6: Ule vipi

Kaa chini. Mlo mdogo unaoliwa ukitembea, kichwa hakiuhesabu.

Tumia dakika 15 hadi 20 kwa milo mikuu. Taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kukusanyika kutoka tumboni na utumbo hadi kwenye ubongo. Sahani ndogo ikiisha kwa dakika 4, utaamka ukiona umepunjwa. Ukimaliza na bado unatamani, angalia saa, ngoja dakika 20, ndipo uamue.

Siku nne tano za mwanzo utaondoka mezani ukiwa hujashiba kwa namna uliyoizoea. Ni kawaida. Unatafuta njaa iishe, na kujaa ni jambo jingine.

Maji mengi yanywe kati ya milo, hasa kama hamu ya kula ni ndogo au unasumbuliwa na kiungulia. Bilauri mbili za maji mezani zinajaza mfuko uleule uliokuwa unajitahidi usijazwe.

## Hatua ya 7: Mlo wa usiku

Uishe saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Ukilala tindikali haivutwi tena kwenda chini, na tumbo bado lina mlo mpya. Anayelazimika kula kwa kuchelewa abadilishe: mlo wa saa 10 uwe mkubwa, wa usiku uwe ule mdogo. Kulala kwa ubavu wa kushoto na kuinua kichwa cha kitanda kunasaidia pia. Mito ya kurundika hukunja tumbo na kuongeza shida.

Aliyeambiwa na daktari ale kitu kabla ya kulala kwa sababu ya sukari afuate maelekezo yake, si haya.

## Hatua ya 8: Meno na dawa

Kila ukila chenye wanga au sukari, bakteria wa mdomoni hutengeneza asidi, na pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ikishuka chini ya 5.5 au karibu na hapo ganda la jino huanza kupoteza madini. Mate huchukua nusu saa hivi kurekebisha. Mara 5 kwa siku kinywa kinahimili. Chai ya sukari inayonywewa funda moja moja asubuhi nzima hakihimili. Sukutua kwa maji baada ya kila mlo, na ukila tunda chachu subiri dakika 30 kabla ya mswaki.

Dawa za kumezwa tumbo likiwa tupu ndizo zinazovurugika zaidi, kwa sababu tumbo lako sasa halikai tupu kwa muda mrefu. Levothairoksini ya tezi humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa asubuhi. Rifampisini ya kifua kikuu humezwa saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. Zimeze mara uamkapo na sogeza mlo wa kwanza. Kama huna uhakika na dawa yako, muulize mfamasia kabla hujabadilisha saa za kula.

## Hatua ya 9: Pima baada ya wiki 2

Chagua kipimo kinachohusu shida yako. Mwenye kiungulia ahesabu siku kilipomshika. Mwenye kisukari aangalie vipimo vyake vya saa mbili baada ya kula. Mwenye kutafuta kuongezeka au kupungua apime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kutoka chooni, na kiuno usawa wa kitovu. Kupima kila siku ni kujitafutia hasira, kwani maji ya mwili peke yake hupandisha na kushusha kilo moja au zaidi.

Uzito ukipanda bila kutaka, rudia hatua ya 1 kwa siku 3. Karibu kila mara utakuta kijimlo cha sita ambacho hukukipanga, na mara nyingi ni kinywaji.

Njaa ikikukamata saa moja baada ya kila mlo, angalia protini ya mlo uliotangulia. Gesi ikizidi, angalia nafasi kati ya milo, kisha maharage, ambayo unaweza kuyapunguza na kuyarudisha polepole.

Acha majaribio na umwone daktari ukiona chakula kinakwama kikipita kooni, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, uzito unashuka bila wewe kupunguza chakula, au unashiba vijiko vitatu vya kwanza siku baada ya siku. Hizo ni dalili za kuchunguzwa. Kugawa milo kutazificha tu.

Na kama wiki 4 zimepita, umegawa sawasawa, lakini shida uliyoanza nayo haijasogea, rudi kwenye milo mitatu. Rudisha theluthi ya mchana kwanza, wiki inayofuata rudisha ya usiku, ukitunza ile saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Sahani ndogo usiitupe.